Mama Kurasa na Chumba cha Mbele

Mara ya kwanza Mwisho-Ngapi kutia mguu katika maktaba ya manispaa hakufuata kitabu. Alifuata madirisha.

Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na barabara. Alikuwa akinunua na kuuza samani kuukuu: makochi yaliyobonyea, vitanda vya watu wanaohama, makabati yaliyobaki na mlango mmoja. Popote alipofika, kabla hata hajaitikia salamu sawasawa, swali lake lilikuwa lile lile: "Mwisho ngapi?" Alianza ujanani kwa kuokota viti vilivyovunjika nyuma ya kumbi za mikutano na kuviunga miguu. Sasa alikuwa na duka lililojaa hata mteja akaingia kwa ubavu. Hakusaidiwa na mtu, na hakuona haya kulisema hilo mara mbili kwa msikilizaji yule yule.

Duka lilikuwa na kasoro moja tu: lilikuwa uchochoroni. Mtu alilifikia kwa kuelekezwa. Na kochi si chumvi, kwamba mtu atoke nyumbani akisema limemwishia. Kochi hununuliwa kwa sababu mtu amepita, ameliona, akalitamani.

Chumba cha mbele cha maktaba, kilichoitwa chumba cha magazeti, kilikuwa na madirisha mawili mapana yanayotazama barabara kuu, usawa wa macho ya mpita njia. Karani mmoja wa manispaa, mteja wake wa siku nyingi, alimpenyezea habari: manispaa ilitafuta vyumba vya kupangisha, na hicho kilikuwa kimojawapo. Afisa wa majengo angekuja kukagua. Akikuta watu wanakitumia, kingebaki maktaba. Akikuta viti vitupu, kingepangishwa, na aliyeomba mapema angefikiriwa mapema. Mwisho-Ngapi aliomba siku ile ile. Kisha akaenda kuitazama mali.

Alitegemea kukuta vumbi na mtu mmoja aliyesinzia. Akakuta zogo. Kulikuwa na meza moja ndefu ya mbao ngumu, na watu wameizunguka pande zote, na kila mmoja ameshika ukurasa mmoja wa gazeti. Si gazeti, ukurasa. Kwenye kona, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu alikuwa akikata gazeti la siku ile kwenye mkunjo, kwa rula ya chuma, taratibu kama mtu anayegawa mkate kwa watoto wenye wivu.

"Samahani, mama," Mwisho-Ngapi alimwambia, "magazeti yamepungua?"

"Hayajapungua. Tunaleta moja kila siku."

"Chumba kizima hiki, gazeti moja?"

"Linatosha," alisema mama, akampa ukurasa. "Kaa, kaka yangu. Ukisimama hapo unawazibia mwanga."

Akakaa, kwa kuwa aliambiwa kwa sauti ambayo watu huitii kabla ya kufikiri. Ukurasa wake ulikuwa na habari ya kuhamishwa kwa kituo cha mabasi, jambo lililogusa biashara yake moja kwa moja. Alisoma haraka mpaka chini, na pale utamu ulipokolea, habari ikakatika: iliendelea ukurasa wa kumi na moja. Akageuza, hamna. Akachungulia chini ya meza.

"Unatafuta nini, bwana?" aliuliza mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa.

"Kumi na moja."

"Ninayo mimi. Ila sijamaliza. Wewe una nini?"

"Tatu."

"Tatu nimeisoma asubuhi. Hainisaidii." Mwalimu akanyoosha kidole. "Muulize yule muuguzi. Yeye ana tisa, na mimi naitaka tisa. Ukimshawishi akupe tisa kwa tatu yako, njoo nayo tufanye biashara."

Mwisho-Ngapi alijihisi yuko nyumbani. Akamgeukia muuguzi, mwanamke aliyetoka zamu na bado amevaa viatu vyeupe. Muuguzi hakutoa tisa bure. Alitaka kwanza kujua kama tatu ina habari yoyote ya maana, na Mwisho-Ngapi ikambidi aeleze habari ya kituo cha mabasi, na mchomeleaji wa vyuma aliyekaa jirani yao akadakia kwamba hiyo ni ndoto, kituo hakitahamishwa ng'o, na mwalimu akasema mchomeleaji husema hivyo kila mwaka. Hapo katikati ya ubishi muuguzi akataja kwamba wapangaji wa orofani kwao wanahama mwisho wa mwezi, na hawajui pa kupeleka vyombo.

"Vyombo gani?" aliuliza Mwisho-Ngapi, akijifanya anaangalia dari.

Alipotoka hakuwa amemaliza habari ya kituo cha mabasi, lakini alikuwa na anwani ya nyumba yenye vitanda vitatu na meza ya kulia chakula. Alivinunua kabla ya mtu mwingine kunusa.

Wiki zile alirudi tena na tena. Alijiambia anakagua mali. Alipima kuta kwa macho, akaamua makabati yatakaa wapi na kochi gani litakaa dirishani. Ila alipokuwa anapima, masikio hayakuwa na kazi nyingine, yakawa yanasikia. Alijua sasa kwamba yule mwanamke anaitwa Mama Kurasa, na kwamba hakusomea ukutubi hata siku moja.

"Mimi nilikuwa opereta wa simu," Mama Kurasa alimweleza siku moja, akigonga muhuri kwenye kitabu cha mtu. "Manispaa nzima ilipita mikononi mwangu. Mtu anapiga, anataka idara ya maji, nachomeka waya huku, nachomeka kule, wanaongea. Zikaja simu zisizohitaji mtu. Wakaniuliza: uende nyumbani au uende maktaba? Nikasema maktaba. Vitabu nilivijua kama ninavyojua ndege za angani, kwamba vipo."

"Na hii ya kukata magazeti umejifunza wapi?"

"Kwake huyo," alisema, akimwonyesha mwalimu kwa kidevu, "na kwa mchomeleaji. Waligombea gazeti hapa mpaka mmoja akashika huku na mwingine kule. Nikachukua rula nikaligawa katikati. Nikasema, chukueni, kila mtu nusu yake, sitaki kelele. Kumbe mwanzo wa habari uko kwa huyu, mwisho uko kwa yule. Walinuniana mpaka saa sita. Saa sita mwalimu akashindwa, akauliza: eti hatimaye alifungwa au hakufungwa?"

"Sikuuliza hivyo!" mwalimu alilalamika toka mezani.

"Uliuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti ya kuomba," alisema mchomeleaji. "Nikakuacha kwanza usote."

Meza nzima ilicheka. Mama Kurasa hakucheka. Alimtazama Mwisho-Ngapi juu ya miwani. "Kabla ya hapo walikuwa wamekuja hapa mwaka mzima, kaka yangu, wanakaa kiti na kiti, hakuna anayejua jina la mwenzake. Nikaona kumbe kazi ni ile ile ya zamani. Nyaya tu ndizo zilizokwisha."

Kwenye chumba cha ndani, chenye rafu za vitabu, alitaka kimya, na akikohoa mara moja kila mtu alinyamaza. Kwenye chumba cha mbele kimya kilimtia wasiwasi.

Mwisho-Ngapi alimheshimu. Aliwaheshimu watu wachache, wale wanaojua kutumia kidogo walichonacho. Lakini heshima ni heshima na madirisha ni madirisha. Alikaa dukani kwake akakuna kichwa, akaona wapi pa kuingilia. Watu walijaa pale kwa sababu gazeti ni moja. Je, yangekuwa mengi?

Kesho yake muuza magazeti alishusha bunda zima mlangoni pa maktaba, na kesho kutwa bunda lingine. Zawadi, alisema, kutoka kwa mfanyabiashara mpenda maendeleo. Mama Kurasa alilipokea kwa mikono miwili. Angelikataa vipi? Manispaa ilikuwa imemwambia miaka yote kwamba haina fungu la magazeti, na mtu akilia njaa hasukumi sahani. Akaiweka rula droo ya chini.

Siku za kwanza ilikuwa furaha. Kila mtu na gazeti lake, zima, linalonukia wino. Mwalimu alilifungua kwa upana mpaka likamziba uso. Mchomeleaji alihamia pembeni pa dirisha. Watu walisoma mwanzo mpaka mwisho bila kumwomba mtu kitu, wakakunja, wakaaga kwa kichwa, wakaondoka. Baada ya wiki wakaanza kuchukua gazeti mlangoni bila kuingia. Baada ya wiki nyingine muuguzi akaacha kupita, maana usingizi wa baada ya zamu alikuwa akiuahirisha kwa ajili ya ubishi, na ubishi haukuwepo tena. Mchomeleaji akabaki karakana kwake. Meza ndefu ikawa na watu wawili, mmoja kila mwisho, kama mume na mke waliokosana.

Mpango ulikwenda kama ulivyopangwa, na Mwisho-Ngapi alipaswa kufurahi. Alipita mbele ya madirisha akaona viti vitupu, akakiona chumba kwa akili yake kimejaa makochi. Ila kulikuwa na jambo dogo lililomkera kama kokoto kiatuni. Zile wiki za ubishi alikuwa amenunua vyombo vya kaya nne, zote kwa habari alizozisikia mezani: nani anahama, nani amestaafu anarudi kwao, nani anaoza binti na anataka seti ya makochi. Sasa alikuwa hasikii lolote. Alikaa mezani asubuhi nzima na gazeti lake zima, akajua habari za dunia, na hakujua ni nani anayehama mtaa wa pili. Kitanda alichokuwa akikivizia kilinunuliwa na mshindani wake, mtu mvivu asiyejua hata kupiga msasa.

Alikuwa katika hali hiyo ya kusagasaga meno Mama Kurasa alipotokea dukani kwake, akiwa amejitwika bunda la magazeti. Alilitua juu ya kabati, akajifuta jasho.

"Nimekurudishia mali yako. Muuza magazeti hana siri."

"Mama! Zawadi hairudishwi."

"Ndiyo maana nimeileta mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Sikutaka uaibike mbele za watu." Alitafuta pa kukaa, akachagua stuli bora kuliko zote dukani. Mwisho-Ngapi aliliona hilo. "Nilikuona ukipima kuta kwa macho. Chumba changu unakitaka, siyo?"

Angeweza kukana. Lakini mtu aliyekwisha kukaa kwenye stuli ile hakuja kusikiliza porojo. "Nakitaka," alisema.

"Vizuri. Kutaka si dhambi. Afisa akija akakuta watu wawili, ni chako."

"Ndivyo ninavyosikia."

"Na ukishakipata utaweka makochi dirishani, watu watapita, wataona, wataingia."

"Ndiyo hesabu yenyewe, mama."

Mama Kurasa akapangusa vumbi gotini. Akanyamaza. Mwisho-Ngapi alikijua kimya hicho. Yeye mwenyewe alikitumia kwa wauzaji kila siku. Mwenye kusema kwanza ndiye anayepunguza. Akajikaza asiseme. Nje, mtu alisukuma mkokoteni ukapita mpaka sauti ikapotea.

"Kuuza unajua wewe," alisema Mama Kurasa hatimaye, na kwa kitambo Mwisho-Ngapi akadhani ameshinda. "Lakini hayo makochi utayanunua wapi? Tangu ulete mabunda yako, umenunua ya nyumba ngapi?"

Aligeuka. Jibu lilikuwa nyuma yake: pembe ya duka iliyokuwa wazi, ambayo tangu afungue hapo haijawahi kuwa wazi.

"Umekata waya uliokuwa unakuletea," alisema mama bila hasira yoyote. "Kosa hilo sikutegemea mtu kama wewe alifanye. Mimi nililifanya kwa furaha ya zawadi. Wewe ulilifanya kwa akili."

Mwisho-Ngapi alicheka kama mtu aliyeshindwa. Karata ile angeitupa mwanzo kabisa mtu mwingine yeyote. Huyu aliiweka hadi mwisho. "Haya, mama. Sema unachotaka."

"Magazeti yako usiyalete tena. Gazeti moja nitanunua mwenyewe kama zamani. Na pale dirishani nataka pa kukaa. Viti vya manispaa vinauma, mtu mzima hakai saa nzima."

"Na mimi napata nini?"

"Ofisi yangu," alisema. "Ile ya nyuma, pamoja na stoo yake. Ina mlango wake wa kutokea njia ya nyuma. Manispaa inataka kodi, haitaki dirisha. Mpe afisa chumba cha kupangisha, ataacha kutafuta kingine. Omba hicho."

"Kinaangalia ukuta!"

"Kinaangalia ukuta. Lakini makochi yako yatakuwa dirishani kwangu yamekaliwa na watu, na kochi lililokaliwa linapendeza kuliko lililo tupu. Mtu akiuliza limetoka wapi, ataelekezwa mlango wa nyuma."

"Makochi manne. Na vibandiko vya bei."

"Mawili. Bei hapana, hii ni maktaba."

"Matatu, na jina la duka kwa maandishi madogo."

"Mawili," alisema Mama Kurasa, akisimama, "ya watu wawili wawili. Kochi la mtu mmoja mmoja usiniletee. Na jina lako hata lisiandikwe, wanalijua."

"Mama, hata mimi huwa napunguza kidogo ili mtu aondoke na raha!"

"Raha utaipata mezani." Na akatoka, akaliacha bunda pale pale.

Ila makubaliano ni jambo moja na watu ni jambo lingine. Rula ilirudi kazini, lakini waliokwisha kuondoka hawakujua. Mwalimu tu ndiye aliyekuwa akija, na mama mmoja mwenye mtoto mchanga, ambaye alikaa pale kwa ajili ya kivuli. Na ombi la kwanza la Mwisho-Ngapi, la chumba cha mbele, bado lilikuwa mezani kwa manispaa. Alijiambia atalifuta akishahakikisha. Mtu hafuti kitu kabla hajashika kingine.

Basi asubuhi ile alipokuwa anaingiza kochi la kwanza, amelishika upande mmoja na mchukuzi upande mwingine, akamkuta afisa wa majengo amesimama katikati ya chumba, amebeba mkoba, anatazama viti vitupu. Alikuwa amekuja mapema kuliko ilivyosemwa.

"Wasomaji ndio hawa?" afisa alikuwa akimuuliza Mama Kurasa.

"Ndio hawa kwa sasa, mheshimiwa."

Mwisho-Ngapi alilitua kochi. Mwalimu alikuwa na kurasa mbili mkononi na hana wa kubadilishana naye. Mtoto alikuwa akilamba pembe ya meza. Chumba kilikuwa chake. Hakuhitaji kusema neno. Alihitaji tu kutokusema. Madirisha yale yalikuwa mbele yake, yamefutwa, yanang'aa, na ng'ambo ya barabara watu wakipita na macho yao.

Akamtazama Mama Kurasa. Alitegemea kuona anaomba kwa macho, na kama angeomba pengine angekosa. Mwisho-Ngapi alikuwa na moyo mgumu kwa waombaji. Mama hakuwa hata anamwangalia. Alikuwa amekwenda dirishani, ameinama, anamwambia kitu mchuuzi wa karanga aliyekuwa akipita. Maneno mafupi. Kisha akarudi kwenye kona yake, akachukua rula, akaendelea kukata.

Mfanyabiashara alipiga hesabu yake upesi. Madirisha mawili kwa maisha, na bila habari. Au meza ile. Hakuna mtu aliyemlazimisha, na hakuna aliyewahi kumwambia baadaye kwamba alifanya wema, maana angekasirika.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi ndiye niliyeomba chumba hiki."

"Aa! Basi umefika wakati mzuri. Naona kiko wazi."

"Nimebadili mawazo. Nataka cha nyuma."

Afisa alishangaa. "Cha nyuma kinaangalia ukuta."

"Ndiyo maana nataka tuzungumze bei. Mwisho ngapi?"

Na hapo ndipo afisa yule, mtu msomi mwenye mambo mengine ya kufanya asubuhi ile, alipoingia mtegoni. Alitaja kodi. Mwisho-Ngapi akashika kiuno kama aliyechomwa. Akaomba waende wakakione. Wakaenda. Akaukagua ukuta, akaligusa tundu la panya, akauliza kama panya nao wanalipa. Wakarudi. Akataka kujua sakafu inapigwa deki na nani. Afisa akapunguza kidogo ili yaishe. Mwisho-Ngapi akamkaribisha kwenye kochi jipya wazungumze kama watu. Afisa akakaa, na kochi lilikuwa zuri, naye akachelewa kuinuka.

"Lakini chumba hiki cha mbele," alisema afisa, "kama hukitaki wewe, atakitaka mwingine. Sioni watu."

"Tumalize bei, mheshimiwa, watu utawaona."

Mchuuzi wa karanga alikuwa amepita karakana kwa mchomeleaji, kwa sababu kila asubuhi hupita hapo. Mchomeleaji alizima mtambo wake, akamwendea fundi cherehani wa jirani, aliyewahi kubishana naye mezani juu ya ukurasa wa michezo mpaka wakawa marafiki. Fundi cherehani alijua nyumba ya muuguzi kwa kuwa alimshonea sare baada ya kujuana pale pale. Muuguzi alikuwa amelala, akaamka. Hakuna kati yao aliyeitwa na Mama Kurasa. Yeye alisema na mtu mmoja tu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mchomeleaji, na masizi usoni. "Nani ana michezo?" alipaza sauti kabla ya kufika mezani.

"Wewe bado u hai?" alijibu mwalimu. "Michezo ninayo. Una nini cha kunipa?"

"Sina kitu, ndiyo kwanza nafika!"

"Basi subiri."

Wakaingia wawili, wakaingia watano. Fundi cherehani na sindano kifuani. Muuguzi na kanga begani na jicho moja bado limefumba, akimuuliza mama wa mtoto mchanga kama mtoto anaharisha, na akimpa ushauri kabla ya kujibiwa. Kurasa zikapita mkono kwa mkono. Mtu akamsogezea afisa ukurasa mmoja ili asikae bure, afisa akausoma kwa adabu, kisha kwa hamu, kisha akageuza nyuma akakunja uso.

"Samahani," alisema, "nani ana kumi na tano?"

"Anayo huyu," walisema watu watatu kwa pamoja, "ila hatoi hovyo."

Afisa aliondoka karibu na saa sita. Aliandika kwamba chumba cha mbele kinatumika sana na kibaki kama kilivyo, ila kina kelele zisizofaa maktaba, na kwamba ofisi ya nyuma pamoja na stoo ipangishwe. Kodi iliandikwa ile aliyoitaka Mwisho-Ngapi, maana afisa mwenyewe hakukumbuka tena yake ilikuwa ipi.

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Mwisho-Ngapi bado yuko nyuma, anaangalia ukuta. Madirisha hakuyapata. Wateja wengi wanaokuja kwa kupita na kutamani bado humpita. Lakini stoo ile hujaa na kutoka, kwa sababu hakuna nyumba inayohama mjini mle bila yeye kujua kabla ya wenye nyumba kununua kamba ya kufungia vyombo.

Mwaka jana mgongo ulimkamata, akalala nyumbani siku kadhaa. Siku ya pili mkewe alifungua mlango akakuta watu wanne wamesimama: mzee wa shati lililopigwa pasi, mtu wa masizi, fundi cherehani na muuguzi. Muuguzi aliingia moja kwa moja akamgeuza mgonjwa kama gunia, akambonyeza, akamwambia hana ugonjwa, ana uzee. Mchomeleaji alikaa akakikagua kiti alichokalia, akauliza kama kinauzwa na kama kuna punguzo la wanaokuja kutazama wagonjwa.

Walipoondoka, mkewe alisimama mlangoni akiwasindikiza kwa macho. "Ni wateja wako wale?"

"Hapana."

"Basi ni ndugu zako? Mbona siwajui."

"Si ndugu."

"Sasa baba, mtu asiye mteja na asiye ndugu, amefuata nini kwako?"

Mwisho-Ngapi, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kupungukiwa na neno mbele ya mtu, alitafuta. "Ni watu wa mezani," alisema.

Mama Kurasa amebaki na chumba chake na kelele zake. Manispaa ilimpelekea onyo kwa hizo kelele, na cheo alichokuwa anakingojea alipewa mwingine, wa maktaba ya mjini kati, ambako ni kimya mpaka unasikia feni. Ofisi ndiyo hana tena. Muhuri, daftari za kuazimia na chai yake vyote viko mwisho wa meza ndefu, kati ya wasomaji. Mwisho-Ngapi alimuuliza siku moja kama anaikumbuka ofisi. Alisema anaikumbuka kila siku saa nane mchana, wakati miguu imevimba, kwa kuwa zamani angefunga mlango, akavua viatu, akakaa dakika chache bila mtu wa kumuuliza kitu.

Mwisho-Ngapi alimwambia stoo ina kochi, na ufunguo atampa.

"Kwa masharti gani?" aliuliza Mama Kurasa.

"Hakuna masharti."

"Basi siutaki," alisema, akagonga muhuri. "Ukija na masharti, njoo tuzungumze."